Kisukari na Nguvu za Kiume: Usiache Dawa, Nenda Upimwe

Wanaume wengi wanaougua kisukari hufikia wakati ambapo uume unashindwa kusimama, au unasimama kisha unalegea kabla ya tendo la ndoa kukamilika. Hali hii huwapata zaidi ya nusu yao kadiri miaka inavyosonga, na huweza kuwafika miaka 10 hadi 15 mapema kuliko wenzao wasio na kisukari. Kuanzia Takaungu hadi Malindi, barazani watu hutania kwamba jogoo amekataa kuwika, lakini mwenye tatizo hunyamaza. Wengine huacha dawa za sukari kimyakimya, wakiamini ndizo zilizowamaliza nguvu. Uamuzi huo ni wa hatari.

Kinachoharibu ni sukari, si dawa yake

Ili uume usimame, mishipa ya fahamu hupeleka ujumbe, nayo mishipa ya damu hupanuka ili damu iingie na kubaki humo. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya aina zote mbili. Ni uharibifu ule ule unaoleta ganzi miguuni, kufifia kwa macho na kudhoofika kwa figo.

Vidonge vya metformin na sindano za insulini haviui nguvu za kiume. Anayeviacha huifanya sukari ipande na uharibifu uzidi. Ni kweli kwamba baadhi ya dawa za presha huweza kuchangia tatizo hili. Ukishuku hivyo, mweleze daktari au afisa wa kliniki. Anaweza kukubadilishia dawa, lakini usiache mwenyewe, kwani presha isiyotibiwa huleta kiharusi.

Onyo kwa moyo

Mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, kwa hivyo huanza kuziba mapema. Uume kushindwa kusimama kunaweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka kadhaa. Ndiyo maana mwanaume aliyepata tatizo hili na hajawahi kupimwa sukari wala presha anafaa kupimwa zote mbili bila kuchelewa.

Utaulizwa nini kliniki?

Mhudumu atataka kujua tatizo lilianza lini, lilikuja ghafla au polepole, na kama uume bado husimama wenyewe alfajiri. Likija ghafla na alfajiri uume bado husimama, mara nyingi chanzo ni wasiwasi, huzuni au mzozo nyumbani. Likija polepole na hata alfajiri hakuna kitu, huenda mishipa imeathirika. Mara nyingine sababu zote mbili huwa pamoja.

Vipimo vya kawaida ni sukari, presha na mafuta kwenye damu. Kuna pia kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi mitatu. Kwa watu wazima wengi lengo ni chini ya asilimia 7. Homoni ya kiume nayo inaweza kupimwa, na damu ya kipimo hicho hutolewa asubuhi.

Tiba ipo

Hatua ya kwanza ni kuidhibiti sukari. Punguza chai ya sukari nyingi, soda na mahamri. Sahani ya wali au sima iwe ndogo, na mboga kama mchicha na mnavu ziwe nyingi, pamoja na samaki au kunde. Tembea kwa haraka dakika 30 kwa siku, angalau siku tano kwa wiki. Acha sigara, kwani hubana mishipa ya damu. Punguza pombe, mnazi ukiwemo.

Ikihitajika, daktari anaweza kukuandikia vidonge kama vya sildenafil. Humezwa takriban saa moja kabla ya tendo, na havifanyi kazi bila hamu. Mlo wenye mafuta mengi huvichelewesha. Usivitumie kamwe ikiwa unatumia dawa za nitrati za maumivu ya kifua, kwani presha inaweza kushuka hadi ukapoteza maisha. Uume ukisimama zaidi ya saa nne bila kulala, nenda hospitalini mara moja. Vidonge visiposaidia, zipo pampu na sindano ambazo hutolewa kwa uangalizi wa daktari.

Jihadhari na unga, asali na vidonge vya nguvu vinavyouzwa sokoni na mitandaoni. Baadhi ya bidhaa za aina hii zimewahi kupatikana zimechanganywa na sildenafil kwa siri, na mwenye ugonjwa wa moyo hawezi kujua anachomeza.

Mkeo naye asiachwe gizani. Asiyeelezwa huweza kudhani umemchoka au una mwingine. Ukipenda, nenda naye kliniki.

Pa kuanzia

Mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea nyumba yako anaweza kukupima sukari na presha hapo hapo nyumbani. Huna lazima ya kumweleza mengine. Mwombe tu akuelekeze kwenye zahanati. Kutoka zahanati, anayehitaji vipimo zaidi hutumwa hospitalini. Kwa wakazi wa Takaungu iliyo karibu ni Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kilifi, ng'ambo ya daraja la Kilifi. Jisajili na SHA kwa kupiga *147#, ukiwa na kitambulisho chako.

Ukimkuta mhudumu wa kike na ukaona haya, omba kuonwa na wa kiume. Unachomweleza ni siri yako na yake. Ukikosa maneno, sema hivi tu: "Nina sukari, na mambo ya chumbani hayaendi." Atakuelewa.