Wajibu wa Wahudumu wa Afya na Ustawi wa Jamii (3): Siri ya Mgonjwa na Mipaka Yake

Katika sehemu iliyopita tulizungumzia wajibu wa kumpokea mgonjwa kwa heshima, awe na fedha au asiwe nazo. Leo tunaingia kwenye jambo linalowatatiza hata wahudumu wazoefu: lini unyamaze, na lini kunyamaza kunakuwa kosa.

Siri ya mgonjwa huweza kuvunjwa hata mapokezi, si chumba cha daktari tu. Mhudumu anauliza kwa sauti kupitia dirisha, "Mama, umefuata dawa za kufubaza?" Benchi zima linasikia, na kwenye benchi hilo wamo majirani zake. Mama huyo anaweza asirudi tena, na akiacha dawa, virusi vya UKIMWI (VVU) huongezeka mwilini mwake. Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008 inataka majibu ya vipimo vya VVU yawe siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo imeziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Picha ya kidonda kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, jina la mgonjwa likisomeka, inamvunjia haki yake. Wajibu huu unamfunga pia mlinzi, mfanya usafi, anayejaza vitabu vya kumbukumbu za huduma (MTUHA), na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba.

Lakini siri hiyo ni ya mgonjwa. Si ya kituo, wala si ya aliyemdhuru.

Tuseme mtoto wa miaka miwili ameletwa zahanati akiwa ameungua miguu. Mlezi anasema alijimwagia chai. Muuguzi makini anatazama vizuri. Kimiminika cha moto kikimwagika, mara nyingi huacha michirizi na madoa yasiyolingana. Miguu hii imeungua sawasawa hadi juu ya vifundo, na mpaka wa jeraha umenyooka kama ukingo wa soksi. Dalili hiyo humfanya mtaalamu ashuku kwamba miguu ilizamishwa kwenye maji ya moto.

Muuguzi hana uthibitisho, na kuhukumu si kazi yake. Kazi yake ni kumtibu mtoto, kisha kuandika alichokiona na alichokisikia: jeraha liko wapi, lina ukubwa gani, nani kaeleza nini, saa ngapi. Akiandika "mtoto amechomwa na mama wa kambo", ameandika hukumu. Akiandika "mlezi anaeleza kuwa mtoto alijimwagia chai, jeraha lina mpaka ulionyooka juu ya vifundo vya miguu yote miwili", ameacha kumbukumbu inayoweza kumsaidia mtoto mahakamani.

Halafu aripoti. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Muuguzi naye ni mwanajamii. Hapo anaingia afisa ustawi wa jamii: kufika nyumbani, kujua kama kuna watoto wengine, kumsikiliza mtoto anayeweza kujieleza bila mlezi kuwa karibu. Afisa anayeanza kwa kumpigia simu mtuhumiwa amemtahadharisha, na mtoto anaweza kuhamishwa kabla hajaonekana. Najua afisa mmoja hubeba maeneo mengi, na usafiri mara nyingi hana. Hiyo ni sababu ya kumdai mwajiri gari, si ya kuliacha jalada mezani.

Liko pia suala la PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali. Aliyebakwa akifika kituoni bila fomu hiyo, asirudishwe polisi kwanza. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza ufanisi wa dawa hizo. Atibiwe, vielelezo vihifadhiwe, polisi wahusishwe huduma ikiendelea. Mhudumu anayemwambia "nenda kalete PF3 kwanza" hajafuata utaratibu. Amemnyima mgonjwa kinga.

Wiki ijayo tutaeleza wajibu wa mwajiri kwa wahudumu hawa. Kwa sasa, mhudumu au jirani mwenye taarifa za mtoto anayeteswa asisubiri: namba ya simu ni 116, na kupiga ni bure.