Mjusi wa Kale Aliyefichwa na Jiwe

Mjusi kafiri atambaaye ukutani, kinyonga, kenge na nyoka ni viumbe wa ukoo mmoja, wenye aina zaidi ya 11,000 duniani. Hata hivyo, kwa muda mrefu asili ya ukoo huo ilikuwa kitendawili kwa wataalamu wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Jamaa yao wa karibu aliye hai ni tuatara wa New Zealand, na mabaki ya wahenga wake yana umri wa karibu miaka milioni 240. Kama koo hizi mbili zilikuwa zimekwisha kutengana zamani hizo, mijusi nayo ilipasa kuwapo. Lakini mabaki ya mijusi yaliyotambuliwa kwa hakika hayakuzidi umri wa miaka milioni 170 hivi. Ushahidi wa miaka milioni 70 ulikosekana.

Jibu lilitoka katika milima ya Dolomiti, kaskazini mwa Italia. Mwaka 1999 Michael Wachtler alipata huko jiwe lenye mifupa ya mnyama mdogo, ambaye mwaka 2003 alipewa jina la Megachirella wachtleri. Miaka milioni 240 iliyopita jiwe hilo lilikuwa tope la chini ya bahari. Mnyama mwenyewe aliishi nchi kavu, na yamkini alisombwa na dhoruba. Sehemu kubwa ya mwili wake ilikuwa imezama ndani ya jiwe, na kulichonga kungeihatarisha mifupa. Kwa hiyo ukoo wake haukujulikana kwa yakini.

Baadaye jiwe lilipigwa picha nyingi za eksirei kutoka kila upande, na kompyuta ikaziunganisha zikawa umbo moja. Mwaka 2018 Tiago Simões na wenzake walieleza katika jarida la Nature kwamba mifupa iliyofichika ilikuwa na alama za ukoo wa mijusi na nyoka. Kwa hesabu yao, ukoo huo ulianza hata kabla ya maangamizi makuu ya viumbe ya miaka milioni 252 iliyopita, ukayapita salama, na kuendelea hadi leo.

Wataalamu wangali wanajadiliana kuhusu mahali hasa pa mnyama huyu katika nasaba ya mijusi. Lakini jambo moja ni wazi: pengo hilo halikuzibwa kwa kuchimba upya, bali kwa kulichungua upya jiwe lililokwisha kuhifadhiwa kwa miaka mingi.