Mbwa wa Mifugo: Chagua Wazazi Kwanza

Ndugu mkulima wa Shimba Hills, ukivuka feri ya Likoni kuja Mombasa, kivuli kizuri cha kwanza utakipata njia ya Mama Ngina, chini ya mibuyu inayotazama mlango wa Kilindini. Pengine utaona hapo mbwa asiye na mwenyewe, na watoto wake wanene wanaopendeza. Usitie mmoja kikapuni ukarudi naye. Baba yake humjui, na mama yake huenda hajui mbuzi ila mifupa yake jalalani. Mbwa wa kazi huanza kwa wazazi wake.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Kwetu mbwa wa mifugo ni mlinzi na mpiga mbiu. Mchana hufuatana na mchungaji, usiku hulala karibu na zizi na kubweka fisi au chui akinusa. Wamasai na Wasamburu wamewatumia hivyo tangu zamani. Yule wa Uingereza anayekusanya kondoo kwa kusikia filimbi ni mwingine, lakini habari zake zina somo. Mwaka 1893, katika jimbo la Northumberland, Bwana Adam Telfer alizalisha mbwa aliyeitwa Old Hemp. Baba yake alikuwa mchangamfu, ila hakuwa na jicho kali la kuzuia kondoo. Mama yake alikuwa na jicho kali, lakini mwenye haya. Mtoto akapata mema ya pande zote mbili, na mbwa wengi sana wa aina ya Border Collie hutokana naye. Bwana Telfer alitazama kazi, si rangi.

Basi nawe fanya hivyo. Mbwa jike asizalishwe kabla ya kutimiza kama miaka miwili, maana lazima kwanza umwone malishoni. Je, huacha mbuzi akafuata paa? Hula mayai? Huuma watoto wanaopita? Mwoga kupita kiasi na mwenye kuuma ovyo, wote wawili wasizae, kwa kuwa tabia hizo huweza kurithiwa. Dume naye apimwe vivyo hivyo, wala asiwe baba yake au ndugu yake. Katika skimu hili ni jambo gumu, kwani mara nyingi mbwa wa majirani wote wametoka tumbo moja. Tembea mpaka kijiji kingine.

Jike hupata joto kama mara mbili kwa mwaka, kwa muda wa wiki tatu hivi. Wengi humfungia siku za damu, kisha humwachia damu inapopungua. Hapo ndipo hasa anapokubali dume! Mfungie wiki zote tatu, mahali ambapo dume hawezi kuchimba akaingia. Akipandwa na madume kadhaa, watoto wa uzao mmoja huweza kuwa na baba mbalimbali, na kuchagua kwako kumekuwa bure. Tena kuna uvimbe wa sehemu za siri unaotoa damu, ambao mbwa huambukizana kwa kupandana. Mwenye dalili hiyo apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Sasa tupige hesabu kama darasani. Jike mmoja akizaa mara mbili kwa mwaka, watoto sita kila mara, ni mbwa kumi na wawili. Skimu yako ina mazizi mangapi yanayohitaji mbwa mwaka huu? Wasiopata kazi huzurura, hujifunza kuua mbuzi, na wanaweza kuleta kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu daima huua, na wanaoumwa zaidi ni watoto. Mwaka 2014 Kenya iliweka mpango wa kuumaliza ugonjwa huu kwa watu ifikapo 2030. Chanja mbwa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mtu akiumwa, oshe jeraha kwa sabuni na maji mengi dakika kumi na tano, aende hospitali siku hiyo hiyo. Jike usiyetaka azae, muulize afisa wa mifugo habari za kumtoa kizazi.

Mimba huchukua siku 63 hivi. Watoto wakifika wiki ya tatu, waanze kuzoea watu, na baadaye wawekwe karibu na mbuzi wapole, nawe ukiwatazama. Anayecheza kwa kuuma masikio ya mbuzi akatazwe papo hapo. Wasitolewe kwa mama kabla ya wiki nane. Usiwape ini wala mapafu mabichi ya mbuzi, maana hutoka humo tegu anayeleta uvimbe wa maji tumboni mwa watu, ugonjwa uliotesa wengi Turkana.

Jirani Mwislamu akitaka mtoto, usishangae. Mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda ameruhusiwa katika dini yake. Ila atataka banda liwe upande wa zizi, mbali na nyumba na vyombo, na hapo ndipo mbwa wa kazi anapofaa kulala hata kwako.

Nunua daftari la shule. Andika siku jike alipopandwa, dume wa nani, siku aliyozaa, na kila mtoto amekwenda kwa nani. Baada ya miaka miwili jirani akikuletea dume, fungua daftari uone kama si mtoto wa jike wako.