Friji Inayokosa Hewa Eldoret

Ni ukanda mwembamba wa chuma uliosokotwa, urefu wake haufiki shubiri, na unaning'inia kwa waya ndani ya dohani ya friji ya gesi. Fundi aliuvuta kwa juu polepole, akiuzungusha kidogo kila ulipokwama, mpaka ukatoka wote ukiwa mweusi tititi. Akaupeleka kwenye mwanga wa mlango wa karakana yake mtaani Langas, akaugonga mara moja kwa kidole. Masizi yakamwagika hadi viatuni.

"Wenye friji hawajui kama kitu hiki kipo," akasema. "Hata mafundi wenzangu wengi hawakijui. Wanakitoa, wanakitupa, halafu wanashangaa friji imekufa."

Friji hiyo ilikuwa imeng'olewa kwenye karavani kuukuu iliyoegeshwa shambani, njia ya Kaptagat, ambako mwenyewe analaza wageni. Aliyemuuzia alimwapia kwamba ilipokuwa Mombasa ilikuwa ikigandisha barafu. Huku kwetu, ambako usiku hulali bila blanketi zito, maziwa yalikuwa yakichachuka ndani yake. Iweje friji ishinde joto la Pwani kisha ishindwe na baridi ya Eldoret? Swali hilo ndilo lililonipeleka Langas.

Friji za aina hii hazina kompresa wala kitu chochote kinachozunguka. Zinapoza kwa moto. Mwali huchemsha maji yenye amonia. Mvuke wa amonia hupanda hadi kwenye mapezi ya bati yaliyo nyuma, huko hupoa na kuwa majimaji, kisha hushuka kwenye bomba lenye hidrojeni, hugeuka mvuke tena na kunyonya joto la chakula. Mwishowe maji huipokea amonia na safari inaanza upya. Ubunifu huu ni wa wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922, na Electrolux ikaanza kuuza friji hizo 1925. Kabla ya sola kuenea, zahanati nyingi zisizo na stima zilitunza chanjo kwa friji hizi, za gesi au mafuta ya taa. Fundi alijifunzia kazi kwenye friji za zahanati, akitumwa bondeni Kerio na kurudi.

Jibu la swali langu liko kwenye hewa. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa takriban moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Tundu linalotoa gesi halijui hilo. Linaendelea kumwaga gesi kana kwamba bado liko ufuoni, huku hewa ya kuichoma ikiwa nyepesi. Mwali unakuwa wa manjano na mlegevu, na unatoa masizi. Masizi yanaganda kwenye ule ukanda, dohani inazibika, mvuto wa hewa unapungua, na mwali unazidi kuwa wa manjano.

Kazi ya ukanda wenyewe ni kuuchelewesha moshi moto na kuusukuma ukutani mwa dohani, ili joto liingie kwenye bomba la kuchemshia badala ya kutoroka juu. Ukining'inia chini mno, unavuruga mwali. Ukiwa juu mno, joto linafika pasipohitajika. Kwa hiyo kabla ya kuutoa, Fundi alikuwa amekwaruza alama kwenye waya kwa ncha ya msumari. Alipomaliza kuusugua kwa brashi aliurudisha pale pale penye alama, akachungulia kwa tochi, akaushusha kidogo sana, akachungulia tena. Sijaona mtu akifanya kazi kwa adabu namna ile mbele ya kipande cha chuma kisicho na bei.

Tundu la gesi alililoweka kwenye spiriti, akalipuliza. Haligusi kwa pini, kwa sababu likipanuka hata kidogo mwali hautakaa sawa tena.

Lakini haya yote yalikuja baadaye. Siku ya kwanza hakushika spana kabisa. Aliiweka friji wima kwa pimamaji, maana ikiinama majimaji hayatiririki inavyotakiwa na mabomba yanaweza kuharibika moja kwa moja. Akaiwasha kwa stima, inayoweza kuchemsha maji yale ya amonia badala ya mwali, akaweka ndani glasi ya maji yenye kipimajoto, akaiacha mpaka kesho yake. "Ikipoa kwa stima na ikataa kwa gesi, mabomba ni mazima, tafuta ugonjwa kwenye moto," alinieleza. "Ikikataa kote kuwili, angalia hewa ya mgongoni kwanza. Mabomba uyalaumu mwisho."

Hii ilipoa kwa stima bila taabu. Hata hivyo alikwenda shambani kuikagua karavani, na huko alikuta jambo lililomkasirisha. Tundu la chini la kuingizia hewa lilikuwa limejengwa na dondora kwa udongo. La juu lilikuwa limezibwa kwa karatasi ya nailoni. Kijana anayelinda shamba hulala humo, na alikuwa akijikinga na upepo.

Simlaumu kijana, baridi ya Kaptagat naijua. Lakini mwali wa manjano hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu, na ukuta kati ya friji na kitanda ulikuwa na nyufa. "Maziwa yakichachuka, mzee, utanunua mengine," Fundi alimwambia mwenye karavani, na hakusema zaidi mpaka alipomaliza kuziba nyufa zile. Kisha akafungua matundu yote mawili, akaweka wavu wa kuzuia wadudu, na kupigilia bati nyuma ya friji ili hewa inayopanda ilazimike kupita kwenye mapezi. Awali nafasi ilikuwa pana mno. Hewa ilipita kando bila kuyagusa.

Sasa mwali ni wa buluu, na maji yanatoka humo yakiuma meno. Itadumu hivyo miezi mingapi kabla masizi hayajarudi? Fundi anasema tundu dogo zaidi lingesaidia, ila hajapata duka la kuliuza hapa mjini.

Nyuma ya karakana kuna friji nyingine isiyo na tumaini. Aliwahi kuipindua kichwa chini usiku kucha, dawa ya zamani ambayo anasema baadhi ya friji huikubali na nyingine huikataa, bila yeye kujua kwa nini. Hii ilikataa. Kwenye kiungo cha bomba pametoka unga wa manjano: ni kromati ya sodiamu, iliyotiwa humo kuzuia kutu, na ni sumu inayoweza kuleta saratani. Ameufunika kwa plastiki, na amewakataza watoto wa jirani kusogea. Wanunuzi wa vyuma kuukuu wameshakuja na mizani zao, amewafukuza. Ameuliza huku na huku ni nani anayepokea kitu kama hicho, na mpaka naandika haya hajajibiwa.