Kalamu Moja, Vichwa Viwili

Wikiendi ndefu imefika, nanyi mmeamua kulikimbia joto la Dar es Salaam. Mmeshuka Mombo, mkapanda kona kwa kona hadi Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Siku ya kwanza ni picha tu: Irente, maporomoko ya Soni, msitu wa Magamba. Siku ya pili, mvua. Chai ipo mezani, blanketi lipo magotini, na kila mtu ameinamia simu yake. Hebu jiulizeni: mmekuja kupumzika pamoja, au mmekuja kupumzika jirani?

Dawa moja ni ya bei poa na imelala kurasa za ndani za gazeti: chemsha bongo, lile fumbo la maneno lenye vyumba vyeupe na vyeusi. Wengi wetu tunaliruka mbio mbio kwenda kwenye michezo. Safari hii msiliruke. Ila tahadhari, si kila fumbo linastahili muda wenu. Lipo linalochangamsha ubongo na lipo la kukupeleka usingizini, na ni vizuri kuyatofautisha kabla hamjapoteza wino.

Lilianzia wapi?

Fumbo la aina hii lilichapishwa kwanza tarehe 21 Desemba 1913 katika gazeti la New York World la Marekani. Mtunzi wake alikuwa Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, Uingereza. Wakati huo Lushoto yenyewe iliitwa Wilhelmstal, na bendera iliyopepea hapo ilikuwa ya Wajerumani. Gazeti la New York Times lililiponda fumbo hilo miaka ya 1920, eti ni kupoteza muda. Mwaka 1942 likasalimu amri, likaanza kuchapa la kwake. Ndivyo ilivyo: anayekucheka leo, kesho anaomba kalamu.

Kwetu sisi mchezo huu una ndugu yake wa zamani. Kitendawili? Tega! Aliyeshindwa alitoa mji, na usiku ukasonga. Tofauti ni kwamba fumbo la gazeti hukupa idadi ya herufi, halafu majibu yake hushikana mikono. Moja linalala, yaani linasomwa kushoto kwenda kulia. Jingine linasimama wima, kutoka juu kwenda chini. Yanapokutana hugawana herufi moja. Ukikosea moja, jirani yake anakuumbua.

Tujaribu kidogo hapa hapa Usambara. Kidokezo cha kwanza: "Unapoiacha barabara kuu ya Arusha uanze kupanda (5)." Hilo jepesi, MOMBO. Tuseme limesimama wima, na O yake ya mwisho ndiyo herufi ya mwisho ya neno linalolala: "Mji ulioitwa Wilhelmstal (7)." Mnaandika LUSHOTO, na O inakubali. Kisha kutoka kwenye S ya Lushoto linashuka jingine: "Njiani kati ya miji hiyo miwili (4)." SONI. Tayari mmesafiri njia nzima bila kulipa nauli.

Kiswahili kinakubeba

Watu wengi wenye digrii zao hudhani fumbo la Kiswahili ni gumu kwa sababu ya misamiati. Kumbe lugha yenyewe inakupa msaada wa bure, mkijua pa kutazama.

Kwanza, mkia. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu. Kabla hujajua chochote, chumba cha mwisho kina wageni watano tu: a, e, i, o, u. Kidokezo kikiwa kitendo, msaada unaongezeka. "Atie mbegu ardhini (6)" kwa kawaida jibu litaishia kwa e, kwa sababu kidokezo kinaagiza: APANDE.

Pili, kichwa. Wingi wetu huonekana mwanzoni mwa neno. "Walimao bondeni (8)" ni watu, tena wengi, basi andika WA kwa ujasiri na uendelee kuwaza: WAKULIMA. Mtunzi mwaminifu hukipa kidokezo umbo lile lile la jibu. Akikuuliza kwa wingi halafu jibu likawa umoja, hapo hamjashindwa ninyi, ameshindwa yeye.

Fumbo bovu utalijuaje?

Hapa ndipo penye mjadala mtamu. Mkimaliza, au mkishindwa, likagueni fumbo kama mnavyokagua chumba cha hoteli.

Dalili ya kwanza ya ubovu ni kidokezo kinachofaa majibu kumi. "Mnyama (5)." Yupi sasa? Simba, mbuzi, punda, nyani, swala, ngiri, wote wana herufi tano. Hilo haliwezi kuitwa fumbo, ni bahati nasibu. Linganisha na hiki: "Mnyama wa kukunia nazi (5)." Unawaza, unacheka, unaandika MBUZI. Au "Ndege wa shingoni ofisini (3)." TAI. Au "Fanicha inayoteremsha chakula kooni (4)." MEZA. Lugha yetu imejaa maneno yenye sura mbili, na mtunzi anayeyaacha kabatini anatunyima haki yetu.

Dalili ya pili ni makutano ya irabu tupu. Ni rahisi mno kuunganisha maneno ya Kiswahili kwenye herufi A, kwa sababu A imejaa kila mahali. Lakini A ikikupa jibu la jirani, umejua nini? Karibu hakuna. Makutano kwenye G, Z au T ndiyo yanayofungua mlango. Fumbo ambalo kila njia panda yake ni A limetungwa kwa kukimbizana na muda wa kwenda mitamboni.

Dalili ya tatu ni tahajia ya kuyumba. Ni maalum au maalumu? Alhamis au Alhamisi? Kwenye fumbo, herufi moja ni chumba kizima. Na neno ng'ombe, ile alama yake ya juu inakaa wapi? Mtunzi mzuri huamua, kisha hushikilia uamuzi wake ukurasa mzima. Usambara tunalijua tatizo hili vizuri. Huyu anaandika Wasambaa, yule Washambaa. Yule mwindaji kutoka Ngulu ambaye simulizi zinamtaja kuwa mwanzilishi wa utawala wa Wakilindi, wapo wanaomwandika Mbegha na wapo wanaomwandika Mbega. Mkichagua tahajia fupi, mnapata kidokezo cha kifalme: "Kima mwenye manyoya marefu aliyetawala Usambara (5)." MBEGA ni mtawala, na mbega ni yule kima mweusi na mweupe anayeruka kwenye misitu hii hii. Mkichagua ndefu, mzaha wote umekufa. Ndiyo maana tahajia si jambo dogo.

Na wale mnaojaza fumbo la gazeti la Kiingereza? Hakuna ubaya, ila mafumbo mengi ya namna hiyo hutungwa ng'ambo kwa ajili ya wasomaji wa ng'ambo. Ukikwama kwenye jina la mto wa Uingereza au msemo wa wachezaji wa kriketi, usijione mjinga. Umeingia kwenye sherehe ambayo hukualikwa.

Herufi mbili, kesi nzima

Kama unadhani haya ni mambo ya kupitisha muda tu, vuka barabara kidogo. Lushoto ndipo kilipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Sasa fikiria kidokezo hiki: "Yupo kizimbani (9)." Jibu ni MSHTAKIWA. Futa herufi mbili za mwisho kabla ya a, halafu a yenyewe iondoke nayo? Hapana, hesabu vizuri: toa WA, unabaki na MSHTAKI, herufi saba. Vyumba viwili tu, na aliyeletwa amegeuka kuwa aliyeleta. Ni hivyo hivyo kwa mdai na mdaiwa. Kijana anayelipwa kwa kuandika, awe wakili, mhasibu au mwalimu, akizoea kuhesabu herufi za Kiswahili kwa raha zake jioni, asubuhi hatakosea barua ya kazi.

Neno linalovunja nyumba

Tukubaliane jambo moja: fumbo linaweza kuwakutanisha, na linaweza pia kuwagombanisha. Mmoja amekulia Tanga, bibi yake akimsemesha kwa mafumbo tangu utotoni. Mwingine amesoma shule za Kiingereza tangu chekechea, na Kiswahili chake ni cha mjini. Anauliza maana ya neno, na mwenzake anajibu, "Hata hilo hulijui?"

Basi, jioni imeisha. Anayeambiwa hivyo hatauliza tena, si kwenye fumbo tu. Hatauliza kuhusu pesa, hatauliza kuhusu wakwe, hatauliza kuhusu lile linalomnyima usingizi. Nyumba ambayo mtu hawezi kusema "sijui" bila kuchekwa ni nyumba ya watu wawili wanaojifanya wanajua kila kitu. Fumbo ni mahali pa bei ndogo pa kujifunza kulitamka neno hilo, na kulipokea likitamkwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza, wekeni masharti haya:

Kalamu ihame. Kila baada ya majibu matatu, mpe mwenzako. Anayeshika kalamu saa nzima ni msimamizi, si mwenzi.

Ukijua, toa herufi moja. Usiropoke jibu zima. Muachie naye raha ya kulifikia.

Kamusi ruksa, simu marufuku. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981, itamaliza ubishi wenu kwa heshima zaidi kuliko yeyote kati yenu.

Mkikwama, acheni wazi. Nendeni mkale, mrudi. Neno lililogoma saa nne hujileta lenyewe saa nane mkiwa mnamenya viazi.

Msilale na ubishi wa gazeti. Mtunzi akiwa amekosea, mlaumuni yeye kwa pamoja. Hakuna kinachounganisha watu kama adui mmoja asiye na madhara.

Na mkipata nafasi, tungianeni wenyewe. Chora vyumba kumi tu kwenye karatasi, weka mambo yenu: mlipokutana, jina la utani, chakula alichounguza siku ya kwanza. Mtajua haraka nani anakumbuka nini. Angalieni pia MPENDA na MPENDWA: mmoja anatoa, mwingine anapokea, na kinachowatenganisha ni chumba kimoja cha W. Kila mmoja wenu anastahili kuwa yote mawili.

Kabla hamjashuka kurudi mjini, jaribuni hiki: "Mji wa Usambara usiosimama wima (5)." Jibu lake halitachapishwa toleo lijalo. Muulize aliye pembeni yako, na akisema hajui, mpe herufi ya kwanza.