Kabla ya kununua spika za gari, pima mlango kwanza

MTU anayeagiza gari la spoti lililotumika kutoka Japan hujiandaa kwa mengi: ushuru, bima, matairi na vipuri. Spika hazimo katika hesabu zake. Anazikumbuka siku anapotoka Bunda kwenda Musoma, akafungua redio na kusikia mkwaruzo.

Kwa kawaida redio ndiyo hubadilishwa mwanzo. Redio nyingi za magari ya Japan hukamata FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, wakati hapa nchini stesheni ziko kati ya 87.5 na 108. Redio mpya ikishafungwa, ndipo ubovu wa spika za zamani unapojitokeza wazi.

Spika haifi kwa kupigwa muziki mkubwa tu. Ukingo wa sponji unaozunguka koni huoza kwa umri, joto na unyevu. Gari linaloshinda juani karibu na ziwa mjini Musoma, kisha likapita barabara za vumbi za vijijini Butiama, huonja yote hayo. Vumbi likiingia kati ya koili na sumaku, sauti huanza kukwaruza.

Mwenye gari akifika dukani, jambo la kwanza analoulizwa ni ukubwa. Inchi sita na nusu ni saizi ya kawaida katika milango ya mbele, lakini kipimo hicho peke yake hakitoshi. Magari ya spoti yana milango mirefu ambayo ndani ina nafasi finyu. Spika yenye sumaku nene inaweza kuingia vizuri kwenye tundu, kisha ikazuia kioo kushuka. Kwa hiyo kina hupimwa kioo kikiwa kimeshushwa hadi chini.

Jambo la pili ni omu, yaani ukinzani wa spika. Redio nyingi za kawaida zimetengenezwa kwa spika za omu 4. Ukiunganisha mbili za namna hiyo sambamba kwenye njia moja, ukinzani unashuka hadi omu 2. Redio inapata moto na inaweza kuungua. Yapo pia magari, kama baadhi ya Nissan Fairlady Z na Mazda yaliyotoka kiwandani na mfumo wa Bose, ambayo amplifaya yake huendesha spika za ukinzani mdogo zaidi. Ukiweka za omu 4 humo, hakuna kitakachoungua, ila sauti itapungua na mwenye gari atadhani ameuziwa mbovu.

Wengi hunaswa kwenye wati. Boksi huandikwa wati 300 kwa herufi kubwa, lakini hicho ni kilele cha kitambo kidogo tu. Namba ya kutafuta ni ile ya RMS, yaani nguvu ambayo spika huihimili mfululizo. Redio iliyoandikwa wati 50 mara 4, bila amplifaya ya pembeni, kwa kweli hutoa kama wati 15 hadi 20 kwa kila spika. Kulipia mamia ya wati ambazo redio haiwezi kuzitoa ni kutupa fedha.

Kwa asiye na amplifaya, chenye manufaa zaidi ni wepesi wa spika kupokea nguvu, unaopimwa kwa desibeli. Spika ya desibeli 91 hutoa sauti ileile ya spika ya desibeli 88 kwa kutumia nusu ya nguvu. Hilo huonekana zaidi kwenye gari la paa linalofunguka, ambamo upepo na matairi hushindana na muziki. Gari hilo lifungwe koni ya plastiki na ukingo wa mpira, kwani karatasi haivumilii maji.

Mnunuzi asione haya kuomba spika ipimwe mbele yake. Mita ikiwekwa kwenye spika nzima ya omu 4, husoma kama omu 3 hivi au zaidi kidogo. Isiposoma kitu, koili imekatika. Koni ikibonyezwa taratibu kwa vidole vya mikono miwili, irudi bila kukwaruza.

Baada ya kufunga, fundi ahakikishe chanya na hasi hazikupishana. Spika moja ikigeuzwa, besi hupotea ingawa zote mbili zinalia. Betri ndogo ya tochi ya volti 1.5 inatosha kupima: chanya ikigusishwa kwenye chanya kwa sekunde moja, koni husogea nje.

Wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Mkulima wa Bunda aliyeuza pamba au mfanyabiashara wa samaki wa Musoma hapungukiwi kitu akibeba futi kamba na kuandika namba tatu kwenye karatasi: kina cha mlango, omu na RMS. Asiyezijua hununua mara mbili, na huenda mara ya pili akanunua na redio.