Jiko lililopungua Mbamba Bay

Makabati matatu ya jikoni yalikuwa yamepangwa barazani, yameligeuzia ziwa mgongo, juu yake turubai la bluu. Jiko lililokuwa likiyasubiri lilikuwa hatua chache tu kutoka pale, lakini halikuyapokea. Lilikuwa jembamba kwa sentimeta moja na nusu.

Mbamba Bay nilikwenda kwa habari za bandari. Bandari ina waandishi wake wengi. Mimi nilinasa kwenye baraza ile. Kilichonikera ni hiki: nyumba ni mpya, makabati ni mapya, fundi alipima kwa mkono wake mwenyewe, tena vizuri. Sasa sentimeta moja na nusu imekwenda wapi?

Fundi ni Mmatengo wa Mbinga mjini, na karakana yake iko huko huko. Ameniomba nisimtaje kwa sababu fedha zake zimebaki kwa mwenye nyumba, na hataki gazeti limharibie. Tangu lami ya kilometa 66 iunganishe Mbinga na Mbamba Bay, kazi nyingi anazipata huku chini. Nyasa ilijitenga na Mbinga ikawa wilaya mwaka 2012, lakini vitanda, milango na makabati bado vinashuka kutoka milimani, vimefungwa kamba juu ya Canter.

Kabla ya kumlaumu yeyote, tuitazame ramani. Nyumba nyingi zinazojengwa sasa, za fedha za kahawa kule juu na za samaki na nyumba za wageni huku ziwani, hupangwa kuanzia sebuleni. Sebule hukata inachotaka, vyumba vya kulala hufuata, choo cha ndani kinajipenyeza, na kilichosalia kinaitwa jiko. Na hilo jiko la ndani, kusema ukweli, katika nyumba nyingi ni la chai na wageni. Ugali na dagaa vinapikwa nje, kwenye kibanda cha kuni, kama siku zote. Lakini kabati lazima liwepo.

“Ramani ilisema mita mbili na sentimeta themanini,” fundi aliniambia, amekaa juu ya ndoo ya rangi. “Hiyo ni tofali kwa tofali. Hakuna mtu anayeishi tofali kwa tofali, mwandishi. Nilipokuja kupima, lipu ilikuwa imeshapigwa. Nikapata mia mbili sabini na sita na nusu. Lipu imekula sentimeta tatu na nusu, pande zote mbili. Hiyo ni kawaida, sikushangaa.”

Alipunguza sentimeta moja zaidi ili makabati yapate pa kupumulia, akarudi Mbinga, akatengeneza maboksi matatu yenye jumla ya sentimeta 275.5. Bodi zake ni za milimita 18, milango ni ya mninga. Aliposhuka tena na gari, alikuta kuta za jiko zinang’aa.

“Nilimuuliza mama mwenye nyumba siku ya kupima: kuta mtaweka vigae? Akasema hapana, tutapaka rangi ya mafuta. Sawa. Kumbe binti yake kaja likizo kutoka Dar es Salaam, kasema jiko bila vigae ni jiko gani.”

Kigae chenyewe kina unene wa milimita nane au tisa. Gundi yake inaongeza nne au tano. Zidisha kwa kuta mbili. Juu ya hapo, ukuta wa kushoto una tumbo: matofali ya kuchoma hayatoki tanuri yakiwa na umbo moja, mwashi anayasawazisha kwa lipu, na pale mkono ulipochoka ukuta unabaki umevimba. Fundi alivuta tepu mbele yangu sehemu tatu. Mlangoni mwa nafasi, 274.3. Nyuma kabisa, 274.2. Katikati, kwenye tumbo, 274 kamili. Kabati halijali sehemu pana, linakwama kwenye ile nyembamba.

Majirani walikuwa na jibu lao tayari: ziwa. Ziwa Nyasa liko chini sana ukilinganisha na Mbinga, kiasi cha mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina joto na unyevu. Kila mtu pale ana mlango unaogoma wakati wa masika. Kwa hiyo wakasema mbao za milimani zimefika ziwani zikavimba. Nilikubaliana nao haraka, maana ni maelezo matamu. Fundi akatikisa kichwa. Mbao, alisema, huvimba kwa upana wake, kukata nyuzi; kwa urefu hazisogei kiasi cha kuonekana. Mninga ndio kabisa, ni mti mtulivu. Na bodi za maboksi zilikuwa zimekaa barazani usiku mmoja tu, kavu, chini ya turubai. “Mlingoti mbichi ungeniambia ziwa, ningenyamaza. Hii ni vigae.”

Akanieleza pia kwa nini haamini macho. Baba yake alikuwa akipanga nyasi za ngoro, yale mashimo ya kulimia ya Wamatengo, kwenye mteremko, mistari inayokatana, bila kamba, kisha mama yake akachimba na kufukia. Miraba ilitoka sawasawa. “Shamba linakusamehe,” alisema. “Ngoro ikizidi kiganja, mahindi hayajui. Kabati linajua.”

Njia zilizokuwepo ni tatu, na mbili ni mbaya. Ya kwanza ni kuuchimba ukuta, yaani kupasua vigae ambavyo mama ndiyo kwanza amevilipia. Ya pili ni kuranda ubavu wa kabati. Lakini ubavu wote ni milimita 18. Ukitoa 15 unabakiwa na karatasi. Ya tatu ndiyo iliyonifanya nikae pale hadi jioni.

Maboksi mawili yakisimama bega kwa bega, kila moja lina ubavu wake. Pale yanapokutana kuna kuta mbili za bodi, milimita 18 na 18, hazina kazi isipokuwa kutazamana. Fundi aliona kwamba ubavu mmoja unatosha kwa wote wawili. Ukiutoa mmoja umepata milimita 18. Alihitaji 15. Zinabaki tatu.

Kuliandika ni rahisi. Alilaza boksi la katikati chali, akafungua skrubu za ubavu wa kushoto moja moja, akiziweka mfukoni mwa shati. Boksi lililopoteza ubavu linalegea na kuinama upande, hivyo kijana wake alilikumbatia huku yeye akipigilia ubao wa muda kwa mshazari. Kisha wakalisogeza hadi kwenye boksi la jirani, na sakafu yake na dari yake zikafungwa moja kwa moja kwenye ubavu wa mwenzake. Hapo shida ya pili ikajitokeza. Upande mmoja wa ubavu huo ulikuwa tayari na reli za droo, zimeshikwa kwa skrubu za milimita 16. Upande wa pili nao ulitaka reli. Skrubu mbili za 16 haziwezi kukutana ndani ya bodi ya 18 bila kugongana. Kwa hiyo reli mpya zilipandishwa vidole viwili, na droo zake zikabidi zichongwe upya chini.

Halafu milango. Kila mlango ulikuwa umetengenezwa kuufunika ubavu wake wote. Sasa ubavu ni mmoja, milango inayoudai ni miwili. Fundi aliikata yote miwili milimita tisa tisa upande wa bawaba, na hapo ndipo nilipomwona akisita kwa mara ya kwanza, msumeno ukiwa juu ya mninga aliokwisha kuupaka vanishi. Zile bawaba za kikombe nazo hazikufaa tena. Zilitakiwa zenye mkunjo wa nusu, zinazoruhusu milango miwili kugawana ubavu. Mbamba Bay hazikupatikana. Ziliagizwa Songea, zikaja kwa basi, mkononi mwa kondakta.

Nilimuuliza kama jambo hili limewahi kumtokea. Akacheka. Aliwahi kutengeneza kabati la stoo la sentimeta 240 kwenda juu na 60 kwenda ndani, kwa chumba chenye dari ya 245. Hesabu ilionekana nzuri. Aliliunganisha likiwa limelala sakafuni, wakaja vijana wanne kulisimamisha, likagota dari katikati ya njia. Kabati linaposimamishwa halipiti kwa urefu wake, linapita kwa mshazari wake, na mshazari wa kabati lile ni sentimeta 247 na zaidi kidogo. Tangu siku hiyo miguu anaitengeneza peke yake, anasimamisha boksi fupi kwanza, kisha analipandisha juu ya miguu.

Maboksi yaliingia. Yalisukumwa taratibu, kitambaa kimewekwa ukutani kulinda vigae, na kwenye tumbo la ukuta nikasikia bodi ikikwaruza. Nyuma kulibaki upenyo ambao fundi aliuziba kwa utepe wa mninga, uliochongwa kufuata ukuta ulivyopinda. Usipoambiwa huuoni.

Kilichobaki ni fedha. Fundi anataka laki mbili na nusu zilizosalia kwenye mapatano, na hata hajaongeza gharama za kufumua na kuunda upya, nauli wala bawaba. Mama mwenye nyumba, ambaye alinikaribisha chai bila kinyongo, anaona siku zilizopotea na milango iliyokatwa zinatosha kulimaliza deni. “Mimi nilinunua makabati, mwanangu. Sikununua hesabu.” Fundi vigae alikwisha kulipwa akaondoka, kwa simu alisema alipewa ukuta akabandika, hakuna aliyemwambia kuna makabati yanakuja. Mwashi hata hakuulizwa, na tumbo la ukuta ni lake. Kila mmoja alichukua milimita zake akalipwa, na aliyeingia wa mwisho ndiye aliyekutwa na upungufu. Kwangu mimi aliyebadili mawazo ndiye wa kulipa, lakini hakuna mapatano yaliyoandikwa. Yote yalikwenda kwa mdomo na kwa simu. Je, fundi alipaswa kupiga simu tena kabla ya kukata bodi? Nilimuuliza. Alinyamaza, akasema vocha si ya kukosa.

Siku hizi hakati ubao mpaka vigae vimekauka, na vipimo anamsainisha mwenye nyumba kwenye daftari la mistari. Wateja wawili wamekasirika wakaenda kwa fundi mwingine. Makabati ya Mbamba Bay yanafunguka na kufungika vizuri. Laki mbili na nusu hazijalipwa hadi leo.